Nikicheza bluzi na mwalimu naelea, nikibadilishiwa patna mwili unakufa ganzi

Shikamoo anti,

Nakuandikia usiku huu nimetoka darasani saivi, hata viatu sijavua, naomba unisomee mpaka mwisho maana nimejaribu kufupisha nimeshindwa.

Mi ni dada wa miaka 29, huu ni mwezi wa tatu niko kwenye darasa la kikundi la kucheza bluzi, ile ya watu wawili wawili. Tuko kama watu 18, tunakutana mara moja kwa wiki, lisaa limoja na nusu. Muziki wenyewe naupenda tangu zamani, nilikuwa nausikiliza peke yangu na hedifoni masikioni, siku nikaja kuona watu wanaucheza wawili, taratibu, kama wanaongea bila kufungua mdomo, nikasema hiki kitu lazima nikijue. Kabla ya hapo sikuwahi kucheza na mtu kwa kushikana maishani mwangu.

Darasa letu linaenda hivi: mwalimu anaonesha stepu, tunaifanya kila mtu kivyake, afu tunasimama duara, wanaoongoza wanabaki palepale, sisi tunaofuata kila baada ya dakika mbili tatu tukisikia "badilisha!" tunasogea kwa mtu wa kulia. Kwaiyo kwa siku moja nashikwa na watu nane tisa. Mwalimu naye anaingia kwenye duara, na nikifika kwake, anti, naelea. Kila kitu kinatoka. Nakuwa nacheka mwenyewe. Akisema badilisha tu, nikaenda kwa mwingine, mwili unakufa ganzi, nakanyaga mtu, nageuka upande sio, na ile stepu niliyoifanya dakika moja iliyopita imepotea kabisa.

Sasa kuna kaka mmoja, ye yuko mwaka wa pili, anarudia darasa la wanaoanza kwa sababu analipenda. Kila nikifika kwake ananifundisha. "Legea." "Umekaza mno." "Acha kufikiria, we nifuate tu." Nikilegea anasema sasa umekuwa mzito kama mtu aliyelala. Wiki mbili zilizopita akanivuta mpaka kifua kwa kifua, wakati mwalimu alikuwa anatufundisha tukiwa mbali mbali, na mkono wake ukashuka mpaka kiunoni huku nyuma. Nikajirudisha. Akasema bluzi ndo inachezwa hivi, kama naona aibu basi nimekosea darasa. Sikujibu kitu. Tangu siku hiyo nahesabu watu kwenye duara, nikiona wamebaki wawili nimfikie natoka kwenda kunywa maji.

Afu leo ndo limetokea lililoniliza. Kuna mwingine, mpole sana, mgeni kama mimi, tulikuwa tunacheza akasimama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mbona unaondoka kabla sijakuambia?" Hakusema kwa ubaya. Ila imeniuma kuliko maneno yote ya yule kaka, maana nilijua ni kweli. Mwalimu akishaonesha kwamba baada ya hii inakuja zamu ya kuzunguka, mi nakuwa nimeshazunguka.

Maswali yangu: niache hili darasa nitafute mwalimu wa peke yangu, maana kwa mwalimu naweza? Ni kweli bluzi lazima mbanane? Na mwili, nilegee au nikaze, maana kila mtu ananiambia lake? Na la mwisho dogo, yule kaka anasema raba zangu hazifai, niache hata hilo au ana ukweli?

Wako, wa mwisho kwenye duara

*

Marahaba mwanangu, pole sana.

Nianze na huyo kaka maana hilo halisubiri wiki ijayo. Mambo yake mawili usiyachanganye. La kwanza ni kukufundisha wakati darasa lina mwalimu. Hilo ni tabia mbaya ila linatibika kwa sentensi moja, akikuambia legea we mwambie "asante, ntamuuliza mwalimu," na umwite mwalimu palepale, mkono juu, "mwalimu, tuna swali huku." Mtu anayesema kweli hatoogopa mwalimu aje. Kwenye darasa la kikundi mwanafunzi mwenzio ana haki ya kukuambia kitu kimoja tu kuhusu unavyocheza, kwamba unamuumiza, mfano umemning'inia begani au umemkaba vidole. Basi. Mengine yote yaende kwa mwalimu, hata kama yeye ana miaka kumi humo ndani.

La pili ni kukuvuta na kushusha mkono. Hapo hamna suala la ufundi kabisa. Darasa lilikuwa linafundishwa kwa mshiko wa mbali, we ulijirudisha nyuma, mwili wako ulishasema hapana, na ye akajibu kwa kukuaibisha. Mwambie mwalimu kabla darasa lijalo halijaanza, sio baada, na umwambie kama ulivyoniambia mimi, mkono uliwekwa wapi na ulisemwa maneno gani. Mwalimu anayejua kazi yake atalishughulikia siku hiyohiyo. Akikuambia "ndo alivyo huyo, mzoee," basi hapo ndo uhame darasa, na uhame bila kujilaumu. Na wakati bado hujapata nafasi ya kuongea naye, ukimfikia huyo kaka kwenye duara ruka, simama pembeni zamu moja, hudaiwi maelezo na mtu. Usitoke kwenda kunywa maji, simama pale pale mbele ya watu wote. Chumba ni chako pia.

Sasa hili la kubanana. Ntakuambia lilikotoka ili siku nyingine mtu asikutishe nalo. Hii dansi ni ya Wamarekani weusi, ilikua pamoja na muziki wenyewe, kwenye vilabu vya mbao vya mashambani kule kusini, Mississippi na kwingineko, na kwenye sebule za watu. Walipohamia miji ya kaskazini kwa mamilioni, kuanzia miaka ya 1910 mpaka kufikia 1970, waliondoka nayo. Kule Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, miaka ya 1920 kodi za nyumba zilikuwa juu mno, mtu alikuwa anafanya sherehe kwake, anaweka mpiga piano, wanaoingia wanalipa kiingilio, asubuhi anapata pesa ya kodi. Jaribu kuona hiyo sebule ilivyojaa. Hamna pa kupiga hatua, kwaiyo watu wanacheza karibu, wanatumia nyonga na magoti na mbavu, miguu inaburuzwa tu sakafuni. Ukaribu ulitokana na nafasi, na kati ya watu waliokubaliana. Ila mtaa huohuo, mwaka 1926, ukafunguliwa ukumbi wa Savoy, sakafu kubwa, bendi kubwa, na pale watu walitembea, walizunguka, waliachiana wakashikana tena. Ndo maana mpaka leo wanaocheza bluzi wana pande zote mbili, ile ya karibu ya chumba kidogo na ile ya wazi ya ukumbini, na zote ni bluzi halali. Anayekuambia ni kifua kwa kifua au si bluzi, anajua nusu.

Kwaiyo uwe na sentensi yako mdomoni tayari, uiseme mkishikana mikono kabla mwimbaji hajafungua mdomo, "naomba tucheze kwa mshiko wa wazi." Iseme kwa sauti yako ya kawaida, usicheke wala usiombe radhi. Wachezaji wazuri wanafurahi kuisikia maana inawaondolea kubahatisha. Na ukifikisha mwezi wa sita darasani huko, ukikutana na mtu unayemwamini, ukataka mwenyewe kusogea karibu, utasogea, na utaona ni kitu kizuri sana, unasikia mtu anavuta pumzi kabla hajapiga hatua. Lakini iwe ni wewe umetaka.

Haya, tuje kwenye mwili, maana hapa ndo penye shida yenyewe, na hapa naomba univumilie niseme kidogo usilopenda.

Nilegee au nikaze? Vyote viwili sio. Kesho asubuhi kasimame mbele ya ukuta, weka kiganja kimoja ukutani usawa wa kifua, kiwiko kimekunjwa kiko mbele ya mbavu, kisiende nyuma ya mwili. Egemea kidogo sana, kama vile unataka ukuta ujue upo. Sikilizia nyuma ya bega, pale kwenye ule mfupa mpana, kuna msuli unaamka. Vidole vimelala tu, shingo haina habari, lakini mgongo uko macho. Ndo hapo. Hicho kiasi ndo unakipeleka kwa patna, akisogea mwili wake wewe unasikia mgongoni, sio kwenye kifundo cha mkono. Ukikaza zaidi ya hapo unakuwa mti, ukilegea zaidi ya hapo anachosema kinaishia kwenye kiwiko chako hakikufikii kabisa, na ndo maana kaka alikuambia umekuwa mzito. Alikuambia legea, ukalegea, ukapotea. Ushauri wake ndo uliokupoteza.

Halafu uzito. Anayefuata anabeba uzito wake mwenyewe, muda wote, kila pigo. Weka wimbo wa taratibu, kuna nyimbo za bluzi zinaenda mapigo kama 60 kwa dakika, yani hatua moja kwa sekunde nzima, na ukizoea mambo ya haraka hiyo sekunde ni ndefu inatisha. Simama tu. Usipige stepu yoyote. Achia magoti yashuke kidogo na kila pigo, kama unakaa kwenye kiti afu unaghairi. Kifua usikibebe juu kama mtu anayepigwa picha, acha mwili ushuke uende chini kwenye sakafu. Ukishaukuta huo mdundo hamisha uzito mguu wa kulia, wote, mpaka mguu wa kushoto ungeweza kuuinua bila kuyumba, afu rudi kushoto. Nyimbo tatu nzima, hivyo tu, kila siku kwa wiki mbili. Najua inachosha. Ila mdundo huo ukishaingia magotini, yeyote atakayekushika anausikia kupitia mikono, hata mgeni kama wewe, na ghafla na ye anaanza kuongoza vizuri kwa sababu kuna kitu cha kuongoza. Mtu asiye na mdundo wake hata mwalimu hawezi kucheza naye. Anachoweza ni kumbeba.

Na hilo ndo nilisema hutolipenda. Kwa mwalimu unaelea kwa sababu anakubeba. Anasikia umetangulia, ye anabadilisha aliyotaka kufanya, anaifuata hatua yako, anafanya ionekane ndo alitaka hivyo. Ni kazi yake na anaifanya kwa upendo. Ila ukitoka kwenye kikundi ukaenda kwake peke yake kila wiki, utacheza vizuri na mtu mmoja duniani. Yule mpole aliyekuuliza mbona unaondoka kabla sijakuambia, huyo ndo aliyekupa taarifa ya kweli, kwa sababu hana ujuzi wa kukuficha. Rudi kwake. Mwambie asante kwa lile swali, na umwombe kitu kimoja, mkicheza tena abadilishe mpangilio, mwalimu akisema hatua, hatua, kuzunguka, ye afanye hatua, hatua, hatua, asimame. Na we usijue. Tangu mmeanza darasa mmekuwa mnakariri mfululizo uleule wote kwa pamoja, kwaiyo hukuwa unamfuata mtu, ulikuwa unafuata ubao. Hilo sio kosa lako sana, madarasa ya vikundi yana ugonjwa huo.

Mimi niliponywa na mzee mmoja. Nilikuwa na miaka kama miwili kwenye hii dansi, najiona najua, akanishika, wimbo ukaanza, afu hakwenda popote. Akasimama. Mkono wake mgongoni kwangu haukusukuma wala kuvuta, nilikuwa nasikia tu anavyopumua na magoti yake yanavyoshuka. Mi nikajaribu kwenda kushoto, akabaki. Nikajaribu kuzunguka, akabaki. Nafikiri ulipita mstari mzima wa wimbo. Nikachoka kubahatisha, nikatulia na mimi, na hapo ndo kwa mara ya kwanza nikasikia gitaa. Lilikuwepo muda wote. Akapiga hatua moja, na nilikuwa nayo.

Hicho alichonisikilizisha kina umbo lake, na ukilijua hutokuwa na haja ya kutangulia. Bluzi nyingi zinaenda kwa vipande 12 vya mapigo manne manne, jumla mapigo 48, afu zinaanza upya. Mwimbaji anasema mstari, anaurudia uleule, mstari wa tatu anajibu. Kila mstari unapewa mapigo 16, lakini mara nyingi maneno yake yanaisha kama katikati, nusu inayobaki gitaa au kinanda au harmonika inamjibu. Mtu anasema, chombo kinaitika. Sasa we anayefuata, pale sauti inapoimba sikiliza anachosema patna wako, na pale chombo kinapoitika una nafasi ya kusema chako, nyonga kidogo, kuchelewesha mguu kuufikisha chini, kuvuta bega nyuma, kitu kidogo tu ambacho hakimwondoi mwenzio kwenye mizani. Anayefuata na ye ana sauti. Yule aliyekuambia acha kufikiria nifuate tu anataka kuongea peke yake wimbo mzima.

Kwaiyo jibu la swali lako la kwanza, baki kwenye kikundi (kama mwalimu akilimaliza lile suala la mkono, narudia). Watu nane tisa kwa siku moja ni zawadi, mmoja ana mikono baridi, mwingine mrefu mpaka unaongea na kifungo cha shati lake, mwingine anahesabu kwa sauti, na kila mmoja mwili wako unajifunza kumuuliza upya, wewe unasemaje? Mwalimu wa peke yako mchukue siku moja moja ukiwa na pesa, umpelekee jambo moja maalum, mfano ule uzito. Na mwezi ujao mwombe mwalimu uhame upande, uongoze wiki nne. Wanawake wanaongoza, hamna cha ajabu. Ukishasimama upande ule, unataka kumwambia mtu twende kushoto na ye keshaenda kulia, utaelewa kutangulia ni nini kuliko barua yangu inavyoweza kukueleza, na ukirudi kufuata utamwonea huruma kila anayekushika.

Kuhusu raba, huyo kaka hapo ana ukweli. Raba inang'ang'ania sakafu, mwili unageuka mguu unabaki, na anayelipa ni goti. Tafuta kiatu cha chini chenye soli ya ngozi au soli laini inayoteleza kidogo, kilichoshika kisigino vizuri kisikutoke, hamna haja ya kisigino kirefu. Kijaribu nyumbani kwa kusimama mguu mmoja ukigeuka robo duara taratibu, kikigeuka bila goti kulalamika, nenda nacho darasani.

Niandikie baada ya kuongea na mwalimu, nataka kujua alisemaje.

Anti yako